Kiti cha Tume

Aloys Hakizimana alikuwa seremala wa viti. Vitanda alivitengeneza kwa shida, makabati kwa kubembelezwa, na majeneza aliwaachia wengine. Lakini kiti akikitengeneza yeye, mjukuu wa mwenye kiti alikuja kukirithi kikiwa bado kimesimama kwa miguu yake minne bila kuyumba. Gisenyi nzima ilijua hivyo, wakati Gisenyi ilipokuwa bado inajua kitu.

Alizaliwa Masisi, Kongo, upande wa pili wa mpaka, kwa wazazi waliotoka Kanzenze, upande huu, kufuata kazi za mashamba ya wazungu. Useremala alijifunzia Goma, katika atelie, yaani karakana, ya Mkongo mmoja mwenye mdomo mchafu na mikono safi, ambaye kwa miaka miwili alimkataza kugusa msumari.

"Musumari ni ya mutu mwenye haraka," mzee huyo alikuwa akimwambia, "na mwenye haraka aende auze nyanya."

Basi Aloys akajifunza kuunganisha mbao kwa ulimi na tundu, ulimi ukakamata mpaka mbao mbili zikawa kama zilizozaliwa pamoja. Akajifunza pia kumpima mtu. Siku hizo kiti hakikupimiwa chumba, kilipimiwa mtu. Mwenye kutaka kiti alikuja mwenyewe, akavua viatu, akasimama wima, na fundi akapiga goti mbele yake na kamba yenye mafundo: kisigino mpaka nyuma ya goti, goti mpaka matako, kiwiko mpaka nyonga. Hakuna aliyeona aibu. Waziri alivua viatu, na padri alivua viatu.

Mwaka 1978 nchi tatu za huku kwenye maziwa zilielewana kuunda Tume yao, na Tume ikapewa nyumba ya zamani ya mawe kando ya ziwa, hapa Gisenyi. Katibu wake wa kwanza, Bwana Mutabazi, mtu mnene mwenye adabu, alivuka mpaka kwa miguu mpaka Goma, akaingia atelie, akavua koti na viatu bila kuambiwa. Aloys alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, na ndiye aliyempima, yeye na wenzake kumi na mmoja. Viti kumi na viwili vilipokamilika, mafundi walivibeba kichwani, mmoja nyuma ya mwingine, wakavuka navyo. Watu wa forodha wa pande zote mbili waliinua kizuizi huku wakicheka, wakiuliza nani atavikalia. Kule ofisini, kabla katibu hajagusa kiti, Aloys alikaa yeye kwanza. Ndivyo ilivyokuwa desturi. Fundi alikaa mara tatu, kwa uzito wake wote, mbele ya macho ya mwenye kiti, ili ionekane kwamba hakuogopa kazi ya mikono yake. Baada ya hapo ndipo alipoinuka na kukipangusa kwa kiganja, akasema, "Karibu kwako." Bwana Mutabazi alikaa, akafumba macho, akasema hajawahi kukaa tangu azaliwe.

Mwaka 1995, baada ya yote yaliyotokea, Aloys alirudi nchi ambayo hakuzaliwa ndani yake, pamoja na mkewe Mukagasana na binti yao Niyigena. Alikodi kipande cha kiwanja cha mzee Cyusa, kilichoegemea ukuta wa mawe meusi ya volkano, akajenga atelie ya mbao na mabati, akaanza upya. Alikaa hapo miaka thelathini. Mwanzoni watu walikuja kupimwa. Kisha wakaja kuulizia tu. Kisha vikaja viti vya plastiki, vinavyopangwa kimoja juu ya kingine kama sahani, na ambavyo mtu akivikalia vibaya vinafunguka miguu kama mbuzi aliyeteleza. Watu wakavipenda. Aloys akawa anatengeneza stuli za wauza maziwa na kubadilisha miguu ya meza za baa.

Tume nayo ilikuwa imelala usingizi wa miaka mingi, kwa kuwa wenye Tume walikuwa wakipigana. Ilipoamka, haikutaka tena nyumba ya mawe. Ilijengewa jumba la ghorofa nne, kioo kitupu, palepale jirani na atelie, na tangu Januari wafanyakazi walikuwa wakiingia na kutoka na kadi shingoni. Mzee Cyusa alikuwa amekufa. Wanawe, ambao hawakuwahi kushika hata jembe juu ya kiwanja kile, walikiuza kwa Tume. Mwezi wa sita akaja kijana wa itifaki aitwaye Derek, aliyekulia Kampala, mwenye viatu vyenye ncha ndefu, akampa Aloys barua: kiwanja kitakuwa maegesho ya magari, na mpangaji aondoke kabla ya mwisho wa mwezi wa saba.

"Maegesho," Aloys alimwambia mkewe jioni ile. "Miaka makumi tatu, halafu voiture ilale pale."

"Utaenda wapi na benchi yako?" Mukagasana aliuliza. Benchi la kazi lilikuwa refu kuliko chumba chao cha kulala.

Hakuwa na pa kwenda. Chumba walichopanga Rubavu hakikuwa na hata ua wa kuanikia ubao. Katika umri wa miaka sabini na moja, fundi asiye na atelie ni mzee tu anayekaa mlangoni akingoja chakula, na Aloys aliwajua wengi wa namna hiyo, wakiwa wameketi kila mmoja mlangoni pake kama viatu vilivyotolewa nje.

Siku nne baadaye ikaja barua ya pili. Hii haikuletwa na Derek, bali na Callixte, karani wa Tume, mtoto wa Goma aliyekuwa akiandika barua zote za Kiswahili pale ofisini. Alisimamisha pikipiki bila kuizima, akatoa bahasha, akaondoka kwenda kwa jirani mwingine. Juu ya bahasha iliandikwa: *Bwana Aloys Hakizimana, Menuzie*, yaani seremala. Ndani yake kulikuwa na karatasi nzito yenye bendera tatu, na maneno haya: *Tuko na heshima ya kukualika kwenye sherehe ya kufungua kiti kipya ya Tume, tarehe kumi na nane mwezi wa saba.*

Neno lenyewe lilikuwa kosa. Barua ya asili ilikuwa ya Kifaransa, na ilisema *siège*, ambalo kwa Wafaransa ni kiti na pia ni makao makuu. Callixte alikuwa na barua arobaini za kumaliza kabla ya saa sita, akachukua maana ya kwanza iliyomjia, na hakuna aliyeisoma mara ya pili. Majirani wengine waliangalia bendera na tarehe, wakaelewa kwamba kuna soda. Aloys alikuwa mtu wa kusoma. Alijifundisha mwenyewe, kwa magazeti yaliyofungiwa misumari, na aliheshimu neno lililoandikwa kuliko neno lililosemwa. Alisoma barua ile mara tano.

"Kiti inafunguliwa aje?" Mukagasana aliuliza. "Iko na mulango?"

"Ni kusema kuonyesha. Kama vile wanafungua kanisa."

"Na kama ni ile nyumba yao ya vioo?"

"Nyumba walishaingia tangu janvier! Nani anafungua nyumba mwenye iko ndani yake? Hapana. Iko kiti. Kiti ya mukubwa wao. Na angalia, waliandika Menuzie. Kama hawataki kiti, kazi yangu wanaiandika ya nini?"

Mukagasana aliitazama bahasha, akamtazama mumewe, akaona kitu usoni pake ambacho hakukiona tangu barua ya kwanza ilipoletwa. Akanyamaza. Baadaye alijilaumu kwa kunyamaza huko kuliko kwa maneno yote aliyowahi kumtupia katika ndoa yao.

Kesho yake Aloys alimvizia Callixte barabarani.

"Mutoto wangu, hiyo kiti ya barua, iko kubwa?"

"Kubwa sana, Papa!" Callixte alisema, akidhani mzee anazungumzia jumba kwa lugha ya barua. "Ya kisasa. Wakubwa wa inchi tatu watakuja kuiona."

"Na mwenye atakaa ndani, ni mutu wa urefu gani?"

"Mwenyekiti mupya? Ayi, ule ni murefu, Papa. Kama nguzo ya umeme." Akacheka, akatia gia.

Basi. Aloys alirudi akapanda juu ya dari ya atelie, akateremsha mbao za mti wa libuyu alizokuwa amezihifadhi tangu mwaka ule moto wa volkano ulipoila Goma, mbao nyekundu, kavu, zinazolia kama kengele ukizigonga. Alijiambia hivi: Tume imepotea njia, lakini imekumbuka. Na wakikubali kiti, hawatamfukuza aliyekitengeneza. Hakuna mtu anayekaa juu ya kiti huku akibomoa nyumba ya fundi wake. Akaamini hivyo, kwa kuwa zamani ingekuwa hivyo.

Ila wa kumpima hakuwepo. Hilo lilimtesa zaidi ya kazi yenyewe. Alikwenda akasimama kwenye uzio wa Tume asubuhi tatu mfululizo, mpaka Mwenyekiti alipofika siku ya tatu kukagua jumba. Aloys alimwona anashuka garini, mrefu kweli, amevaa suti ya kijivu, na akampima kwa macho alipokuwa anapanda ngazi: goti liko wapi, nyonga iko wapi. Aliiona miguu mirefu sana. Akakata miguu ya kiti ipasavyo.

Mlinzi wa lango, Kagabo, mwanajeshi mstaafu aliyekulia Karagwe, mtu mfupi mwenye kifua kama pipa, alimshangaa.

"Mzee Aloys, unatafuta mchumba humu?"

"Natafuta goti ya bosi wako, Afande."

"Goti la bosi! Haya, ukilipata nipe na mimi nilipigie magoti."

Alifanya kazi siku kumi na tisa. Hakutia msumari hata mmoja. Mikono yake ilitetemeka sasa, kwa hiyo kila tundu alilichonga kwa kungoja: mkono ukitulia, patasi inaingia, ukianza kutetemeka, anaiondoa na kuvuta pumzi. Mgongo wa kiti aliuchonga milima mitatu na maji chini yake. Alipokwisha kupiga msasa na kupaka mafuta, Mukagasana alikuja kukiona. Alizunguka mara moja, akapitisha kidole mahali mbao zilipokutana, asiuhisi muungano.

"Hata kama ni wanyama," alisema, "hiyo watakubali."

Tarehe kumi na nane jumba lilivikwa vitambaa. Ngoma zilikuja, watoto wa shule walipangwa juani wakiwa na bendera ndogo tatu tatu, ingawa nchi moja haikutuma mtu na bendera yake ilipandishwa na mfagizi. Aloys alivaa koti lake la kahawia. Alibeba kiti kichwani, kama walivyobeba vile kumi na viwili, akafika langoni saa tatu kamili na barua yake mfukoni.

Kagabo alikisogelea, akakipapasa. "Mzee! Hiki umekitengeneza wewe?"

"Ni kiti ya Tume. Leo wanaifungua."

Kagabo hakuelewa, lakini alikuwa amefundishwa kutopitisha kitu kisicho kwenye orodha. "Barua inakualika wewe, haikialiki kiti. Ngoja niite itifaki."

Aloys alikiweka kiti chini, kando ya zulia jekundu, akikielekeza ziwani. Magari ya kwanza yalianza kuingia. Naye, kwa kuwa mwenye kiti angeweza kutokea wakati wowote, akafanya lililopasa. Alikaa. Akainuka, akakaa tena kwa nguvu. Akainuka, akakaa mara ya tatu, akatulia, mikono juu ya magoti, akiwatazama wageni wanavyoshuka. Watu wa kamera walimwelekea. Mama mmoja wa ubalozi alimcheka kwa upole. Derek akaja mbio, ncha za viatu zikitangulia.

"Mzee! Hapana kaa hapa! Wageni nakuja!"

"Naijaribu. Ni lazima nikae mbele ya mwenye kiti."

"Mwenyekiti hapana onana na watu leo!"

"Si lazima aongee. Aone tu mi nakaa, halafu akae."

"Nani akae?"

"Mwenye kiti."

"Mwenyekiti nakaa ndani! Iko na kiti yake ndani!"

"Gani?" Aloys alisema, akainuka. "Nani aliitengeneza?"

Derek alionyesha jumba kwa mkono. Kupitia kioo viti vilionekana, safu kwa safu, vyeusi, vya magurudumu, bado vimevikwa nailoni mgongoni. Vilikuwa vimekuja na kontena. Aloys alivitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha asiyopaswa kuwemo. Kisha akatoa barua, akaikunjua, akaweka kidole juu ya neno.

Derek hakuweza kuisoma; Kiswahili chake kilikuwa cha kusema tu. Aliita Callixte kwa redio ya mkononi. Callixte alikuja, akasoma barua yake mwenyewe, akaanza kucheka, kisha akakiona kile kiti, na kicheko kikamfia mdomoni.

"Papa," alisema. "Papa, si kiti ya kukalia. Ni *siège*. Ni hii jumba yote."

"*Siège* ni kiti."

"Ndiyo, lakini hapa..."

"Jumba ni jumba. Mbona haukuandika jumba?"

"Ni mi nilitafsiri, Papa. Unisamehe. Barua zilikuwa mingi."

Aloys aliikunja barua katika mikunjo yake ileile. Aliirudisha mfukoni.

"Na atelie yangu?"

Callixte alimtazama Derek. Derek alitazama saa. "Hiyo ni kitu ingine, Mzee. Ile ilisha."

Wakati huohuo gari refu jeusi liliingia, ngoma zikapamba moto, na Kagabo akapiga saluti. Mwenyekiti alipita nyuma ya vioo vyeusi vya gari. Aloys hakuliona goti lake wala uso wake. Derek, akitabasamu kuelekea magari, alimwambia Kagabo kwa pembeni ya mdomo aondoe kiti kile mbele ya macho ya watu, akifiche popote. Kagabo akakinyanyua akakiingiza kwenye kibanda chake cha ulinzi. Ndani, kwa vipaza sauti, mtu alikuwa ameanza kusema juu ya udugu wa watu wa maziwa.

Aloys alialikwa, kwa hiyo hawakumfukuza. Alipewa soda. Aliiweka juu ya ukuta bila kuifungua, akarudi nyumbani kwa miguu.

Hakukirudia kiti. Mukagasana alitaka kwenda kukidai, akamkataza. Jumatatu ya mwisho wa mwezi wa saba mashine ilikuja, na kwa muda unaotosha kunywa chai ya maziwa, atelie ikawa rundo. Benchi halikupata pa kuhamia. Mafundi wa mashine walilikata vipande palepale, na mmoja wao akamsifu Aloys kwa ubao mzuri. Mwezi wa tisa mahali pale palikuwa lami yenye mistari myeupe, nambari moja mpaka ishirini na sita. Aloys akawa anakaa mlangoni.

Alikaa hivyo mpaka mwezi wa kumi, Kagabo alipokuja mwenyewe Rubavu kumtafuta. Alisimama mbele ya mlango, amevua kofia.

"Mzee wangu, shikamoo. Nina aibu kidogo kwa nililolijia."

"Sema, Afande."

"Kile kiti ninakikalia mimi. Hawajakiulizia. Ni kiti kizuri, Mzee, mgongo wangu umepona. Lakini ni kirefu, miguu yangu inaning'inia kama mtoto. Na nikikaa, kichwa kinapita juu ya kidirisha, sioni nambari za magari. Wananigombeza. Nikasema, nisimpe mtu mwingine akikate, atakiharibu."

Mukagasana, aliyekuwa akichambua maharagwe, aliacha mikono ndani ya ungo. "Yewe," alisema, "umekuja kumwambia hivyo usoni?"

"Nyamaza, Mama Niyigena," Aloys alisema. Alikuwa amekwisha kuinuka. Alitafuta chini ya kitanda msumeno mdogo, akaitafuta na ile kamba.

Kibanda kilikuwa kidogo mno kwa kufanyia kazi, kwa hiyo walikitoa kiti nje, kwenye maegesho, nafasi nambari tisa iliyokuwa wazi. Aloys alimwambia Kagabo avue buti. Kagabo alitazama huku na huku, akavua, akasimama wima juu ya lami akiwa na soksi zilizotoboka, na mzee akapiga goti akampima: kisigino mpaka nyuma ya goti. Akatia alama. Akakilaza kiti kifudifudi, milima ikagusa lami, akaanza kukata.

Libuyu lile lilikuwa gumu. Alikata mguu mmoja, akapumzika. Alipokuwa kwenye wa tatu gari lilikuja nyuma yake, likapiga honi, likapiga tena. Derek ndiye aliyekuwa akiendesha. Alishusha kioo.

"Mzee, hapa ni paking!"

"Unipe dakika tano, mutoto wangu. Bado muguu moja na nusu."

Derek alimjua, akakitambua na kiti. Alipandisha kioo, akarudi nyuma, akaegesha nambari kumi na sita. Aloys akamaliza. Akakisimamisha kiti kwenye lami, akakisukuma kila upande kwa kiganja, na hakikuyumba. Kagabo alimngoja, kwa adabu, kama anayetarajia kitu, lakini mzee hakukaa. Alirudi nyuma hatua moja.

"Kaa wewe," alisema. "Ni yako."

Kagabo akakaa. Miguu ilifika chini. Alikuwa na furaha ya kweli na hakujua aifiche wapi.

Aloys alilikusanya vumbi la msumeno kwa mikono, asije akaambiwa amechafua, akavitia vipande vinne vya miguu katika mfuko wa koti. Nyumbani Mukagasana alivipokea bila kuuliza neno, akavipanga chini ya chungu. Viliwaka vizuri, moto mwekundu usio na moshi, vikaisha kabla maharagwe hayajaiva.